Mguu Uliokataa Kupata Joto

Ndugu zangu, Mungu wetu apewe sifa, na nyote mnaosoma haya mpokee salamu zangu katika jina la Yesu! Namtaja yeye kwanza kwa sababu habari yangu inaanza na shaka, na sitaki mtu adhani nimekuja kumlalamikia.

Shaka yenyewe ilikuwa hii: hofu niliyo nayo moyoni, je, ni Mungu ananiamsha, au ni mimi tu na tabia yangu?

Swali hilo lilininyima usingizi siku za kwanza za maisha ya binti yangu. Mtoto amelala kifuani, mume amelala, mama mkwe amelala upande wa pili wa pazia, na mimi macho makavu. Kama ni Mungu, niinuke niende. Kama ni mimi, ninyamaze, maana nilikuwa nimeshaombewa ninyamaze. Na sikujua ni ipi! Ndugu zangu, kuogopa ni jambo moja. Kutojua kama uiamini hofu yako ni jambo jingine, na hilo la pili linachosha zaidi.

Jina langu ni Faida. Nilizaliwa Uvira, nikaletwa Johannesburg nikiwa mdogo, nikasomea sheria hapa hapa mjini. Shahada ninayo; kazi ya shahada bado. Nashona nguo za watoto chumbani kwetu Bertrams huku nikingoja karatasi zangu za ukaazi zikamilike. Sheria humfundisha mtu kulitazama jambo pande mbili. Mimi nilizaliwa nikitazama pande saba, chuo kikaniongezea nyingine.

Nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama nimefunga gesi, halafu hurudi tena kuangalia kama wakati wa kuangalia sikuifungua. Kanisani kwetu Troyeville, siku moja ya ubatizo, nilisikia harufu ya moshi nikapiga kelele. Watu wakakimbilia nje, mavazi meupe yakiwachuruzika maji, kumbe jirani alikuwa anachoma soseji uani kwake! Mpaka leo wapo wanaonisalimia kwa kuvuta pua. Mume wangu Bahati, ambaye ni mlinzi kwenye jengo moja kule Newtown, akirudi kutoka kazini huweka kofia mezani na kuniuliza, "Haya Wakili, leo kuna kesi gani?" Na kesi haikukosekana.

Nilipobeba mimba, kesi zikawa nyingi kuliko saa za mchana. Mtoto akicheza tumboni niliogopa anajinyonga. Akitulia niliogopa amekufa. Ndipo Mama Mchungaji, mwanamke ninayempenda kama mzazi, akaniita mbele ya madhabahu, akaniwekea mikono, akaikemea roho ya hofu. Nililia sana. Nikainuka nikiwa mwepesi, na sisemi uongo, nililala usingizi mzuri wiki nzima! Jumapili iliyofuata nilishika maiki nikasema, "Mimi Faida nimefunguliwa! Siogopi tena!" Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Bahati alipiga mluzi kutoka viti vya nyuma.

Tangu siku hiyo, nikifungua mdomo kusema "lakini," kulikuwa na mtu wa kunikumbusha. "Dada Faida, si ulishashuhudia?" Walisema kwa upendo, wakicheka. Nami nikaubeba ushuhuda wangu kama nguo nyeupe niliyokatazwa kuichafua.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, katikati ya baridi, asubuhi, kwenye kliniki ya uzazi ambayo mtu akitoka kwetu anaweza kwenda kwa miguu. Msichana. Alilia vizuri. Na uso wake, ndugu zangu! Mviringo, mashavu yamejaa, midomo rangi ya kupendeza. Kila aliyechungulia alisema, "Huyu ana afya." Wote tulitazama uso.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya kanisa letu, wengine hamuijui. Sisi ni wageni katika mji huu. Wengi wetu hatuna shangazi wala mama mdogo wa kuja kumpokea mzazi. Kwa hiyo mwanamke wa kanisa akijifungua, harudi nyumbani kwa teksi, kimya kimya kama mtu aliyetoka kununua mkate. Akina mama wanakuja na gari la kanisa. Wanapiga honi nje, wanaimba, wanamfunga mtoto kitenge kipya walichomnunulia, na jina lake linatangazwa mle mle garini. Nyumbani sufuria zinangoja, za sombe, yaani kisamvu, na samaki. Ni desturi nzuri. Nimeona wanawake waliotupwa na waume zao wakilia kwa furaha kwa sababu ya honi ile.

Alasiri hiyo hiyo muuguzi wa zamu, ambaye hapa tunamwita Sista, alikuja kitandani kwangu.

"Mama, unaweza kuruhusiwa, lakini mimi ningependa mlale mpaka kesho. Mtoto hajatimiza siku moja. Akitimiza tunambana kitaa kidogo mkononi na mguuni, kinatuonyesha hewa iliyomo kwenye damu. Tunafanya kwa kila mtoto, kujua kama moyo uko sawa."

Na hapo hapo honi ikalia nje. Wimbo ukapanda mpaka dirishani. Ndugu zangu, nilitaka kubaki! Lakini ili nibaki ilibidi nimweleze mtu sababu, na sababu niliyokuwa nayo ilikuwa moja: naogopa. Nani angelisema neno hilo, na kwaya imeshafika?

"Tutarudi kesho, Sista," nikasema.

"Kesho, Mama. Usiache."

Garini mtoto akaitwa Asifiwe. Tukaenda nyumbani tukiimba.

Kesho yake nilianza kuvaa. Mama Bahati, mkwe wangu, aliyekuja kutoka Uvira kunisaidia uzazi, alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi juu ya paa.

"Unaenda wapi na mutoto?"

"Klinikini, mama. Kuna kipimo."

"Kitovu imeanguka?"

"Bado."

"Basi. Kwetu mutoto haitoke inje mbele ya kitovu kuanguka. Na baridi hii? Iko na nini? Inalia, inanyonya, inakunya. Unaenda kuitafutia ugonjwa?"

Kwa kweli mtoto alikuwa analia, ananyonya na kunya. Nikavua koti.

Halafu nikaigusa miguu yake.

Ilikuwa ya baridi. Si jambo la ajabu Johannesburg mwezi wa saba. Chumba chetu kina ukuta mmoja unaotoa ubaridi kama friji. Mama Bahati alikuwa amemfumia soksi za manjano. Nikamvisha. Baada ya muda nikaingiza kidole ndani ya soksi: baridi. Nikagusa mikono yake, ya joto. Shavu, la joto. Mguu, baridi.

"Hata mimi yangu ni barafu," akasema Mama Bahati, akamvisha jozi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kisha yakaja mengine. Asifiwe alinyonya kidogo akaacha, kama mtu anayepanda ngazi na kupumzika. Paji la uso lilitoka jasho akinyonya, katika baridi ile! Kifua kilikwenda mbio hata akiwa amelala. Kila nililolisema lilikuwa na jibu. Anaacha kunyonya? Maziwa hayajashuka vizuri. Jasho? Umemfunika mno. Anapumua haraka? Watoto wachanga ndivyo walivyo. Na yote yalikuwa majibu mazuri. Hilo ndilo lililonitesa! Lingekuwepo moja tu la kijinga, ningepata pa kusimama.

Bahati aliporudi kutoka kazini nilimwambia yote. Aliketi, akanishika mkono, hakunicheka.

"Faida, nisikilize. Wiki iliyopita ulisema mtoto tumboni anacheza sana. Kabla ya hapo ulisema hachezi. Ukaona moshi, hakukuwa na moto. Mimi nakupenda, Wakili, lakini niambie tu nitajuaje kwamba safari hii ni kweli."

Ndugu zangu, alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikuwa namuuliza Mungu swali lile lile.

Nikamtumia Mama Mchungaji ujumbe wa sauti, nikamweleza kuhusu miguu. Akanijibu kwa upole mwingi: "Binti yangu, adui akitolewa hurudi kugonga mlango ule ule. Usimfungulie. Ulishapokea uponyaji wako. Mtu aliyepokea harudi kwenye foleni. Tunaomba pamoja nawe." Nikausikiliza ujumbe ule mara nyingi mpaka Bahati akaniomba nivae hedifoni.

Niliomba. Niliomba hofu iondoke, kisha nikaogopa kwamba ikiondoka nitaacha kumtazama mtoto. Nikaomba ishara. Nikafikiria: na kama miguu ndiyo ishara? Nikafikiria tena: na kama natafuta ishara kwa sababu nimeshaamua kuogopa? Hata kliniki yenyewe niliiogopa. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna siku watu husimama getini wakiwadai wageni vitambulisho. Nikajiona nimerudishwa mlangoni na mtoto mchanga, nikarudi nyumbani na aibu mbili. Hivyo ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi. Kinajenga nyumba nzima na kuingia ndani kuogopa kila chumba. Na wakati huo wote kifua cha Asifiwe kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

Sasa sikieni Bwana alivyofanya.

Asubuhi iliyofuata Bahati alishakwenda kazini. Jua lilikuwa limeingia chumbani, lile jua la baridi linaloangaza bila kupasha. Mama Bahati alimwogesha mtoto kwenye beseni, maji ya moto kiasi, kama wanavyofanya kwao, akimkanda mgongo na mikono na miguu kwa mafuta, huku akimwimbia. Mtoto mzima alitoa mvuke. Nilikuwa nimekaa kitandani nimeshika taulo. Mama Bahati akachukua miguu yote miwili ndani ya viganja vyake, akaifunika, akaendelea kuimba.

Wimbo ukakatika.

Alikaa vile vile, ameifumba ile miguu, anatazama ukutani. Kisha akainuka, akakausha mtoto haraka, akachukua soksi: jozi ya kwanza, jozi ya pili, na akaanza kutafuta ya tatu. Mwanamke aliyenicheka siku mbili!

Nami nikaelewa jambo, ndugu zangu, na ninaamini ni Roho aliyelisema, kwa sababu lilikuja fupi, na mawazo yangu mimi huwa hayawi mafupi. Nilikuwa nangoja Mungu aniondolee hofu ndipo niende. Hakuna mahali aliponiambia ningoje. Naweza kwenda nayo! Kama ni ya Mungu, nitafika. Kama ni yangu, nitafika vile vile, watanicheka, nitarudi. Kile kitaa cha Sista hakitaniuliza ninaamini au ninaogopa. Kitautazama mguu.

Nikavaa koti. Nikamfunga mtoto kifuani kwa kile kitenge cha akina mama wa kanisa. Mama Bahati alikuwa amesimama mlangoni na soksi mkononi.

"Naenda, mama. Najua kitovu hakijaanguka."

Nilidhani atanizuia. Nilikuwa nimeshaandaa hoja. Akamvisha mtoto ile jozi ya tatu, akasema, "Ngoja nivae viatu."

Tuliteremka barabara pamoja, yeye na ndara zake juu ya soksi nene. Robot ya chini, yaani taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, tukasimama. Magari yalikuwa mengi, hakunitazama aliponiambia.

"Mbele ya Bahati kuzaliwa nilikuwa na mutoto mwingine. Kijana. Uso muzuri, muzuri. Miguu ilikuwa hivi." Akaitazama taa. "Kitovu haikufika kuanguka."

Robot ikawaka kijani. Nilimshika mkono, tukavuka karibu tukikimbia.

Getini, pale nilipopaogopa kuliko mahali pote, hapakuwa na mtu isipokuwa mama mmoja anauza magwinya. "Karibu, mami, ya moto!" akatuita. Ndiyo hatari niliyoipata pale: maandazi.

Sista alikuwa yule yule. Nilianza kujieleza, nikaanza na kitovu, nikaenda kwenye jasho, nikarudi kwenye soksi. Aliinua mkono.

"Mama, mlaze hapa."

Akaanza kuvua soksi. Akavua jozi moja, akavua ya pili, akafika ya tatu. "Haibo, gogo!" akamwambia mkwe wangu, maana gogo kwa Kizulu ni bibi. "Mnampeleka mtoto mlimani?" Mama Bahati hakuelewa maneno, alielewa sauti, akatabasamu kidogo. Ndilo tabasamu la mwisho siku hiyo.

Sista akakibana kitaa kwenye mkono wa kulia. Mwanga mwekundu ukapenya kiganja kidogo. Akangoja. Namba ikatulia. "Hapa pazuri," akasema. Nikaanza kuhisi aibu, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Bahati.

Akakihamisha mguuni.

Namba ikapanda, ikashuka, ikapanda kidogo, ikakaa chini. Sista hakusema pazuri. Alikisogeza, akakikaza. Chini vile vile.

"Inaweza kuwa baridi," akasema. "Mguu wa baridi unaweza kuidanganya mashine." Akauchukua mguu wa Asifiwe akausugua kati ya viganja vyake, akaufunika kwa blanketi lililopashwa moto. "Tutangoja, kisha tunapima tena. Mkae hapa hapa. Msiende popote."

Ndugu zangu, sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale! Kichwa changu kilikuwa na maneno mengi, na sasa yote yalikimbia. Nilibaki na moja: Yesu. Yesu. Yesu. Sikuomba kwamba mashine iwe imekosea, wala sikuomba kwamba nionekane nilikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na upande. Mama Bahati aliketi na ile jozi ya tatu mapajani, anaikunja na kuikunjua.

Sista akarudi. Mkono, vizuri. Mguu, chini.

Akamwita daktari, kijana wa umri wangu. Huyu hakuitazama mashine. Aliweka vidole viwili kwenye kinena cha mtoto, mahali ambapo mapigo ya damu husikika, akafumba macho. Akahamia upande wa pili. Akafumbua macho akamwambia Sista kwa Kiingereza maneno manne tu: "Sipati mapigo. Ita gari."

Gari la wagonjwa lilipofika nilipanda na mtoto. Mama Bahati alibaki getini akimpigia mwanawe simu, na sauti yake ilinifuata mpaka mlango ulipofungwa: "Bahati! Bahati, kimbia!"

Kwenye hospitali kubwa walimpima moyo kwa mashine ya picha, ile wanayotazamia mimba. Daktari wa moyo, mwanamke mwenye sauti ya polepole, alinichorea. Akasema mshipa mkubwa unaotoka moyoni kwenda mwilini, wa Asifiwe umebanwa mahali fulani. Damu ya kichwani na mikononi inapita kabla ya pale, kwa hiyo uso ni mzuri na mikono ni ya joto. Damu ya chini haina njia. Iliyokuwa inafika miguuni ilipitia kwenye mlango mdogo ambao kila mtoto huzaliwa nao wazi, na katika siku za kwanza hujifunga wenyewe.

"Na wake?" nikauliza.

"Unajifunga sasa. Tumempa dawa ya kuushikilia uwe wazi. Nayo dawa hiyo huweza kumsahaulisha mtoto kupumua, kwa hiyo hatutamwacha peke yake hata kidogo."

Unajifunga sasa! Saa zile tunaimba garini, mlango unajifunga. Saa zile tunakula sombe, mlango unajifunga. Saa zile mimi nauliza kama hofu yangu ni ya Mungu, mlango unajifunga.

Bahati aliingia na sare yake ya ulinzi, kofia mkononi, jasho linamtoka. Alitazama mirija, akatazama mguu mdogo uliofungwa kile kitaa chekundu, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya wodi. Baadaye aliniambia, "Wakili, kesi zako zote nyingine nazifuta. Hii moja inatosha."

Siku ya operesheni, Mama Mchungaji alikuja. Aliketi nasi kwenye viti vya plastiki vya korido tangu asubuhi, bila kuhubiri. Nilikuwa nimeogopa kukutana naye, nikifikiri ataona aibu au mimi nitaona. Kisha akanivuta kichwa changu begani kwake.

"Binti yangu, niliomba hofu yako iondoke yote."

"Najua, Mama."

"Namshukuru Mungu hakunijibu."

Tulilia, tukacheka, tukalia tena. Na mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa bado umefungwa. Kila aliyepita na nguo za kijani nilimtazama mikono, sijui kwa nini, kana kwamba ningeona habari ya mwanangu kwenye vidole vyake. Jua liliondoka kwenye dirisha moja likaingia kwenye lingine. Hatimaye daktari akatoka, ameshusha barakoa. Alinitazama mimi kwanza.

"Nenda ukamshike mguu," akasema.

Nikaenda. Walikuwa wamekata pale palipobanwa na kuunganisha. Amelala katikati ya waya, mdogo kuliko mito. Nikanyoosha kidole, nikagusa wayo.

Ulikuwa wa moto!

Ndugu zangu, haleluya! Nilisimama nimeushika ule mguu kama mtu aliyeshika mkate uliotoka jikoni, mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Leo Asifiwe anajivuta kwenye meza na kuangusha vikombe. Ana kovu mgongoni, chini ya bega la kushoto. Anarudi hospitalini kutazamwa, na ataendelea kurudi. Soksi huzivua mwenyewe na kuzitupa, na bibi yake, badala ya kugomba, huinama kuigusa ile miguu kila anapopita.

Je, nimefunguliwa hofu? Bado narudi kuangalia gesi. Bado nina pande saba. Lakini nimefunguliwa kifungo kimoja: sioni tena aibu kuogopa mbele za Mungu, wala mbele zenu. Alinipokea nikitetemeka, akanitembeza nikitetemeka. Wewe unayesoma na una jambo unalolificha kwa sababu ulishashuhudia, mwamini yeye, uinuke uende nalo. Imani haikatazi kupima! Na kwa haki lazima niseme alivyoniambia daktari: kile kitaa hakioni kila ugonjwa wa moyo. Mtoto akipimwa vizuri na bado anachoka kunyonya, anatoka jasho, anapumua mbio, au midomo na ulimi vinabadilika rangi, mrudishe. Usingoje jibu zuri la mtu.

Nilifikiria sana, kama kawaida yangu, jinsi ya kumshukuru Mungu. Sikutaka desturi yetu ife. Honi ile ni nzuri mno. Basi nikaenda kwa Mama Mchungaji nikamwomba kitu kimoja: kiti cha mbele kwenye gari la kanisa, karibu na honi, niwe mimi wa kusema lini mzazi aondoke. Akanipa.

Juzi Dada Riziki alijifungua mvulana. Tulifika klinikini, honi ikalia, wimbo ukapanda. Sista akatoka akasema mtoto hajatimiza siku, arudi kesho au abaki. Akina mama wakanigeukia. Upepo ulikuwa mkali, sufuria zilikuwa nyumbani zinapoa, na mmoja akanung'unika, "Tutaimba mpaka lini?"

Mama Bahati alikuwa kiti cha nyuma, ana soksi mpya mfukoni. "Mutaimba leo, mutaimba na kesho," akasema. "Nyimbo zimewaishia?"

Nikamwambia Riziki abaki. Nikashuka kwenda kumfungia mlango wa wodi, asipigwe na baridi. Tukaimba kidogo dirishani kwake, tukaenda zetu bila mtoto. Kesho yake tulirudi, tukaegesha pale pale, tukaimba tena nje, bila honi, mpaka Sista akatokea dirishani na kuinua kidole gumba: mkono, vizuri, mguu, vizuri.

Ndipo nikanyoosha mkono kwenye dirisha la gari, nikapiga honi.